Buluu Imepita

Mimi ni fundi wa mabomba ya gesi, Punta Arenas,
mji unaofungiwa kamba kwenye njia panda
ili upepo usiwachukue wazee wakitoka dukani.
Nimetambaa chini ya sakafu za nusu ya mji huu
na brashi yangu, na kikopo cha maji ya sabuni:
penye tundu, povu huvimba na kusema.
Bomba halizungushi mtu.

Mimi walinizungusha miaka sita.
"Pumzika," alisema wa kwanza, macho kwenye saa.
"Acha kubeba vyuma," wa pili.
Shangazi yake Eliecer, Bi Hortensia,
akaleta majani machungu ndani ya soksi,
akaniambia subira huvuta heri.
Nikamjibu: shangazi, bomba lililoziba halivuti kitu.
Eliecer akacheka peke yake,
kisha akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Na kila mwezi yale maumivu,
kama mtu anakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Daktari Yasna Mardones hakusema pumzika.
Alichora kwenye karatasi ya kufutia mikono:
huu mji wa mimba, hii mirija miwili,
na hapa (kalamu ikakwaruza mpaka karatasi ikatoboka)
utando wa ndani umeota pasipo pake,
umegandisha kila kitu na jirani yake.
"Sitakupasua tumbo. Matundu matatu tu.
Moja kitovuni, mawili upana wa punje ya dengu."

"Utajuaje kama imezibuka?"
"Nitapitisha maji ya buluu."
Hapo ndipo nilipomwamini.
Fundi humjua fundi.

Agosti, theluji ya jana imekuwa kioo barabarani.
Wakanivua pete, pini za nywele, soksi za sufu.
Mtu wa nusukaputi akasema, hesabu.
Nilikuwa na neno la kusema juu ya tano,
sikufika.

Yaliyofuata nimeyaona baadaye, kwenye video.
Wamenijaza gesi, mimi, mwenye leseni ya gesi!
Tumbo likainuka kama hema:
mimba yangu ya kwanza,
ya hewa, ya saa mbili.
Na taa ikaingia.

Sikujua kwamba ndani nina rangi.
Manjano ya mafuta, waridi linalometa,
na ule weupe mbaya uliotandazwa juu yake
kama utando wa buibui kwenye stoo isiyofunguliwa.
Mkasi mfupi kuliko kucha ukaenda,
ukakata uzi mmoja, ukatulia,
ukakata mwingine.
Damu yote isingejaza kijiko.
Mrija wa kushoto ukafumbua vidole vyake,
taratibu,
kama mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi
ameshika kitu.

Kisha buluu.
Kulia haikutoka. Wakangoja,
wakasukuma tena. Haikutoka.
Kushoto tone. Tone.
Halafu ikamwagika yote, buluu kama wino wa shule,
na sauti ya Yasna, ya kawaida kabisa,
kama mtu anayewaambia wenzake chai imeiva:
"Imepita."

Siku tatu gesi iliyobaki iliniuma begani.
Hakuna aliyenionya kwamba tumbo husemea begani.
Mkojo ulikuwa wa kijani. Nikamwita Eliecer aje aone.
Akaja. Tukasimama kimya mbele ya choo
kama watalii mbele ya mlima wa barafu.

Sasa ni Novemba. Sijui bado.
Upepo unang'oa bati la jirani.
Jana nilifunga hita kwa mama mwenye mapacha;
mmoja alikamata spana yangu, akakataa katakata.
Nikapaka sabuni kwenye viungo, nikangoja.
Kimya. Hakuna povu.
"Laini moja inatosha," nikamwambia mama yule,
naye akadhani nasema habari za nyumba yake.

Spana nimemwachia mtoto.
Ninayo nyingine garini.